Kuihamisha bendi ya panki hadi roki ya kigothi, hapa hapa Mombasa

Bendi nyingi za panki (roki ya kasi na kelele) zikitaka kugeukia roki ya kigothi (tawi lake lenye giza na mwangwi) huanzia kwenye nguo nyeusi, wanja na pedali mpya, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita. Zikirudi mazoezini sauti ni ileile ya jana, imepakwa mwangwi tu. Mabadiliko yenyewe yako katika kugawana kazi. Kwenye panki gita ndilo linalobeba wimbo, besi (gita la noti nzito) inalifuata nyuma, ngoma zinasukuma. Kwenye roki ya kigothi besi ndiyo inayoimba, ngoma zinashika ardhi, na gita linakuwa rangi na hewa. Mkilibadilisha hilo, wimbo utageuka hata kwa vyombo mlivyo navyo leo. Msipolibadilisha, hakuna pedali itakayowaokoa.

Njia hii ina waliokwisha kuipita, na inafaa kuwasikiliza kwa mfuatano wa miaka. Siouxsie and the Banshees walipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1976, kwenye tamasha la panki katika ukumbi wa 100 Club, London. Albamu yao ya kwanza, The Scream, ilitoka 1978. Juju, ambayo kwetu sisi ndiyo darasa kamili la gita na ngoma za kigothi, ilitoka 1981. The Damned, waliotoa singo ya kwanza ya panki ya Uingereza Oktoba 1976, walifika kwenye Phantasmagoria mwaka 1985. Huko California, T.S.O.L. walitoa Dance with Me mwaka 1981, na mwaka uliofuata Christian Death wakatoa Only Theatre of Pain wakiwa na Rikk Agnew, mpiga gita aliyetoka bendi ya panki ya Adolescents. Tazameni mapengo: miaka mitano, miaka tisa. Walibadilisha kitu kimoja kimoja. Sikilizeni albamu hizo mara ya kwanza mkifuata besi peke yake, mara ya pili ngoma peke yake. Mwimbaji na gita waacheni hadi mara ya tatu.

Anzeni na wimbo mmoja

Chagueni wimbo mlio nao tayari, ule ambao kila mmoja anaupiga bila kufikiri. Msitunge mpya kwanza, kwa sababu hamtajua kilichobadilika ni sauti au ni wimbo. Unaofaa zaidi ni wenye kodi tatu au nne (kodi, yaani noti kadhaa za gita zinazopigwa kwa pamoja) na usio na mikatiko mingi.

Pimeni mwendo wake kwa metronomu ya simu. Tuseme ni midundo 184 kwa dakika. Punguzeni robo, mfike 138. Wimbo wa dakika 2 sasa utakuwa wa dakika 2 na sekunde 40 bila kuongeza ubeti hata mmoja, na ile nafasi iliyopatikana kati ya noti ndiyo mwangwi utakamoishi. Msishuke chini ya 110 mara moja. Mkono wa panki umezoea kujaza kila nafasi. Ukikuta nafasi kubwa ghafla unajikwaa na wimbo wote unalegea. Kwa nyimbo za mwanzo kaeni kati ya 125 na 150. Linalotokea mara nyingi ni mpiga ngoma kuanza na 138 na kumaliza na 155, kwa mazoea ya mwili tu. Dawa yake ni metronomu masikioni mwake kwa mwezi mzima.

Uhamisheni wimbo huo hadi ufunguo wa A maina (A minor, wenye sauti ya huzuni). Uzi wa A wa besi ukipigwa wazi unatoa hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), na spika za kukodi za inchi 12 au 15 huutoa vizuri. Uzi wa E wazi ni hezi 41, na kwenye kumbi ndogo husikika kama kishindo kisicho na noti. Sababu ya pili mtaiona tukifika kwenye gita.

Besi ipande juu

Peter Hook wa Joy Division, bendi iliyoanza kama panki ikiitwa Warsaw, alizoea kupiga noti za juu kwa sababu amplifaya yake ilikuwa mbovu na akipiga chini hakujisikia. Dhiki hiyo ikazaa mtindo ambao bendi nyingi ziliufuata. Kwa hiyo besi ya bei nafuu na amplifaya ndogo si kizuizi.

Zoezi la kwanza: pigeni kwenye uzi wa D, huku uzi wa A ukiachwa wazi ungurume chini. Kipimo cha kwanza chenye midundo 4, freti (vile vyuma vinavyogawa shingo, vikihesabiwa kutoka kichwani) ya 7, 10, 9, 7. Kipimo cha pili, freti ya 5, 7, 3, 2. Kila noti ipigwe mara mbili, na uzi wa A wazi uguswe kwenye mdundo wa kwanza wa kila kipimo. Hizo ni A, C, B, A, kisha G, A, F, E. Rudieni dakika kumi bila gita na bila mwimbaji. Kama baada ya dakika kumi hakuna anayeweza kuimba mstari huo kwa mdomo, mstari haufai. Tafuteni mwingine, kwa sababu huo ndio wimbo wenyewe.

Pigeni kwa pleki (kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi) ya milimita 0.88 hadi 1, karibu na daraja la besi badala ya katikati, na kitufe cha toni kikiwa wazi kabisa. Pedali ya korasi inaipa besi ile sauti ya maji, lakini iwasheni mnapokuwa juu ya freti ya 5 tu. Chini ya hapo inatikisa noti nzito na mpiga besi ataonekana kama hajatyuni.

Besi ikishapanda, chini panabaki patupu. Mpiga gita atalihisi hilo kabla ya kulielewa, na mkono wake utakwenda kwenye kitufe cha distoshoni (pedali ya kukwaruza sauti) kujaza pengo. Hapo ndipo bendi nyingi hurudi zilikotoka. Pengo la chini lijazwe na uzi wa A wa besi ulio wazi na kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Mpiga gita apigwe marufuku kugusa nyuzi mbili nene kwa mwezi mmoja wa mazoezi, bila kujadiliana.

Gita lipunguze maneno

Kodi za panki za nyuzi mbili nene zinakula nafasi ileile ambayo besi imehamia. Badala yake shikeni nyuzi mbili za kati, D na G, na acheni nyuzi mbili nyembamba, B na E, ziimbe wazi muda wote. Kwa A maina, freti ya 7 kwenye D na ya 5 kwenye G. Kwa F, ya 3 na ya 2. Kwa G, ya 5 na ya 4. Kwa E maina, ya 2 kwenye D, na G ikiwa wazi. Zile nyuzi mbili za wazi hazibadiliki hata kodi ikibadilika, na msuguano wake na noti za chini ndio unaoleta giza. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuchagua A maina: nyuzi za wazi zinakubaliana nayo.

Msichape kodi nzima juu chini. Chambueni noti moja moja, na mkiwa na shaka pigeni noti chache zaidi.

Mpangilio wa pedali una maana kubwa. Kutoka kwenye gita: distoshoni, kisha flanja au korasi (zinazoizungusha au kuitikisa sauti), kisha dilei (inayorudia noti), kisha riveba (mwangwi wa chumba). Distoshoni ikiwekwa baada ya dilei inasaga kila mwangwi pamoja na noti mpya, na mnachopata ni uji. Shusheni distoshoni hadi theluthi ya ile mliyozoea. Flanja, ambayo John McGeoch, mpiga gita wa Banshees kwenye Juju, aliitumia sana, izungushwe polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde nne hivi, kina nusu. Dilei ihesabiwe, isikisiwe: gawanyeni 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Kwa 138 mtapata milisekunde 435 kwa mdundo mmoja. Robo tatu yake ni 326. Wekeni 326, marudio matatu, na sauti ya marudio iwe chini kidogo ya nusu ya noti yenyewe. Mkikisia kwa sikio mkapata 350, mwangwi utagombana na ngoma kuanzia ubeti wa pili, na kila mtu atamlaumu mpiga ngoma.

Pwani tuna kitu ambacho bendi za London zililazimika kukitafuta mbali. Masikio yetu yamelelewa na taarabu, na maqam (ngazi ya noti za Kiarabu) ya Hijazi, yenye ule mruko mpana kati ya noti ya pili na ya tatu, tunaitambua tangu utotoni. Kwenye uzi wa D ni freti ya 7, 8, 11, 12. Itieni kwenye kifungu cha kuvukia au mwisho wa kiitikio, vipimo viwili au vinne, kisha mrudi. Ikitapakaa wimbo mzima inakuwa pambo la watalii, na nguvu yake inakwisha. Kwa mistari mirefu tumieni freti ya 7, 8, 10, 12, ambayo ina noti ya pili ileile ya karibu bila ule mruko.

Ngoma zishuke kutoka kwenye matoazi

Vueni hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Itoeni kwenye stendi, iwekeni nje ya chumba kwa wiki mbili, pamoja na toazi la kishindo. Mpiga ngoma wa panki anahesabu kwa mkono wa kulia juu ya chuma, na chuma hicho kinafunika eneo lote la juu ambalo sasa ni la gita na mwangwi wake. Sikilizeni Budgie, mpiga ngoma wa Banshees, kwenye Juju: uzito wote uko kwenye matomu, zile ngoma za dramu zisizo kiki wala snea.

Hesabuni moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mkono wa kulia kwenye tomu kubwa ya sakafuni, mapigo yote manane, la kwanza na la tano kwa nguvu. Kiki kwenye moja na kwenye tatu. Mkono wa kushoto: tomu ndogo kwenye "na" inayofuata mbili, snea (ngoma ya mlio mkali) kwenye nne peke yake. Snea ile ya mbili inayokosekana ndiyo inayoufanya wimbo uvute pumzi. Mara nyingi mpiga ngoma atairudisha bila kujua kiitikio kikifika. Mwacheni airudishe kwenye kiitikio cha mwisho tu. Hapo itasikika kama mlango umefunguliwa.

Kama kuna mtu anayejua ngoma za asili, mleteni. Msondo unashika nafasi ya tomu ya sakafuni kwa sauti yenye mwili zaidi, na chapuo inakaa pale tomu ndogo ilipokuwa. Msipige chapuo na tomu ndogo pamoja, zinagongana. Kumbukeni kwamba ngozi inakunywa unyevu wa bahari na kulegea. Ianikeni juani au iotesheni kwenye jiko la makaa kabla ya shoo, kwa umbali ambao mkono wako unaweza kuvumilia, na nyimbo zinazoihitaji zipangeni mwanzoni, maana usiku ukiendelea italegea tena. Ngozi za plastiki za dramu ya kawaida hazina shida hiyo.

Wasio na mpiga ngoma, au wanaoishi ghorofani na majirani ukuta kwa ukuta, watumie mashine. Sisters of Mercy wa Leeds walijenga jina lao juu ya mashine ya ngoma waliyoiita Doktor Avalanche. Programu ya simu inatosha. Simu iwekeni kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya wimbo na mlio utatoka kwenye spika zote. Mashine haimsubiri mwimbaji, kwa hiyo kila wimbo uwe na midundo minne ya kuhesabia na idadi kamili ya vipimo iliyoandikwa kwenye karatasi mbele ya kila mmoja.

Mwimbaji na maneno

Mwimbaji ashuke kutoka kooni hadi kifuani. Dave Vanian wa The Damned alianza kwa kubweka na akafikia kuimba kwa sauti nzito iliyotulia. Teremsheni melodia hatua nne au tano za freti, mwimbaji asimame sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki, na mpunguze kidogo sauti karibu na hezi 200, kwa sababu maiki ikikaribiwa inaongeza unene wake yenyewe. Panki ilimzoesha kuila maiki. Hapa akiila, maneno yote yanakuwa vumi.

Kiswahili kinafaa kwa muziki huu kuliko wengi wanavyodhani. Silabi zetu zinaishia kwa vokali, na vokali ndiyo inayoweza kuvutwa juu ya riveba ndefu. Mkitumia mizani 8 ya utenzi, kipande kimoja kinajaa kipimo kimoja sawasawa, silabi moja kwa kila nusu mdundo. Imbeni kipande kwenye kipimo kimoja, kipimo kinachofuata acheni kitupu. Kaulimbiu za panki, zile za kupaza ngumi, hazivumilii utupu huo, picha zinauvumilia. Na picha hazihitaji kuagizwa Ulaya. Tuna magofu ya Jumba la Mtwana kule Mtwapa, misikiti na kaburi vikitazama bahari. Tuna magofu ya Gede, makaburi ya nguzo, mibuyu, popo wa jioni. Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa kaskazini mwa pwani hii, ulikwisha kuyaimba majumba matupu ya Pate karne mbili zilizopita. Soma hiyo kabla ya kuandika neno "vampaya". Mkitaka kupiga picha au video magofuni, ombeni ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwanza, na makaburi ambayo watu bado wanazika msiyaguse kabisa.

Mwangwi wa kweli na wa mashine

Riveba iwe ya sekunde 2 hivi, na ichelewe milisekunde 30 hadi 40 kabla ya kuanza ili neno lisikike kwanza. Kateni kila kilicho chini ya hezi 250 ndani ya riveba yenyewe, si ndani ya sauti. Hili lisipofanyika besi na mwangwi vinachanganyika, na huo ndio uchafu unaosikika kwenye rekodi nyingi za nyumbani.

Kuna njia ya bure iliyo bora kuliko programu nyingi. Tafuteni ngazi za zege za jengo la ghorofa, saa nne asubuhi watoto wakiwa shuleni na baada ya kuwaomba majirani. Wekeni spika chini, maiki ghorofa mbili juu, halafu chezeni snea na sauti ya mwimbaji peke yake kupitia spika hiyo huku mkirekodi upya. Kila mita moja ya umbali inachelewesha sauti kwa milisekunde 3 hivi, hivyo mita sita zinawapa 18 za asili. Changanyeni kidogo, chini ya robo ya sauti ya awali. Besi msiipitishe ngazini hata siku moja.

Chumvi, jasho na stima

Hewa ya Mombasa inaua vyombo taratibu. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila baada ya kupiga, juu na chini ya uzi. Nyuzi za wazi ndizo uti wa mgongo wa mtindo huu, na uzi wenye kutu hautyuni sawa na mwenzake. Gita lisitolewe kwenye chumba cha AC moja kwa moja hadi nje: mvuke unaganda kwenye chuma na ndani ya jeki. Liacheni kwenye begi lililofungwa nusu saa. Pedali zikianza kukwaruza, mara nyingi si kuharibika; ni chumvi kwenye jeki na vitufe, na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme inamaliza.

Stima yetu ni volti 240. Amplifaya ya mtumba iliyotengenezewa Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120; zote zinahitaji transfoma ya kushusha, na bila hiyo zinaungua mara moja. Adapta za pedali nyingi ni volti 9 zenye hasi katikati. Angalieni mchoro mdogo ulio nyuma kabla ya kuchomeka. Stima ikikatika, zimeni kila kitu kabla haijarudi, kwa sababu ikirudi inaweza kuja na mshindo. Ile gadi ya friji inalinda pedali vilevile. Mkisikia mngurumo usiokoma, tatizo ni ardhi ya umeme au waya mbovu. Msikate kamwe pini ya ardhi ili kuunyamazisha. Mwimbaji mwenye jasho aliyeshika maiki ndiye atakayeulipia.

Mavazi yaje mwisho. Kongowea kuna mitumba myeusi ya kila aina. Chagueni pamba nyepesi, ngozi bandia itawaangusha kwa joto kabla ya wimbo wa tatu. Wanja upigwe juu ya poda kavu, ama utakuwa mashavuni. Buibui si vazi la jukwaa. Moshi wa jukwaani hautulii kwenye kumbi za wazi upepo wa kusi ukivuma, kwa hiyo tegemeeni taa: mbili tu, kutoka chini na nyuma, bila ile ya mbele.

Shoo ya kwanza

Msibadilishe orodha yote. Kwenye nyimbo kumi, tatu ziwe zilizohamishwa. Mbili kati ya hizo ziwekwe pamoja, nafasi ya nne na ya tano, mfululizo, kwa sababu sikio lililotoka kwenye 184 linahitaji wimbo mmoja mzima kuzoea 138, na ule wa pili ndio litakaousikia kweli. Ule wa tatu uliohamishwa uwekwe nafasi ya tisa, kabla ya panki ya kufungia. Mpiga ngoma apewe mwendo masikioni kabla ya kila mmoja. Kwenye kupima sauti anzeni na besi na tomu ya sakafuni peke yake, na fundi wa mitambo aambiwe mapema kwamba besi ikae juu ya gita. Asipoambiwa atapandisha gita kama alivyozoea kwa bendi za roki, na mstari mliofanyia kazi mwezi mzima hautasikika nyuma ya safu ya pili.